Maji ya Upande wa Kushoto

Kabla hujammwagia mtu maji, hakikisha amekufa.

Mnacheka. Haya, chekeni, mkimaliza tuendelee. Mimi Mwanaidi nimeosha wanawake wa Bagamoyo Wadachi hawajaja, nikaosha walipokuja, nikaosha walipoondoka. Sasa mikono inatetemeka, kata ya maji imenishinda, ndiyo maana nimeshika kalamu, kitu nilichofundishwa chuo cha Kurani kwa fimbo na tangu siku hiyo sikukipenda. Nawaandikia nyinyi wasichana mliokubali kuirithi kazi hii, na hasa wewe Zainabu unayesema kwamba kuosha maiti unajua kwa sababu umetazama. Kutazama si kujua. Katika miaka yangu yote nimelalamikiwa na maiti mmoja tu, na nililalamikiwa kwa sababu nilitazama tu, sikupima.

Siku hizi mna ndoo za bati na sabuni ya dukani. Sisi tulikuwa na mitungi ya udongo, majani ya mkunazi tuliyotwanga wenyewe, na kata ya kifuu cha nazi. Kitanda cha kamba kiliwekwa chumbani, na chini yake wanaume wakachimba shimo refu la kupokea maji, maana maji yale hayatiririki ovyo uani kama ya kuoshea vyombo. Lishikeni hilo shimo kichwani, litarudi.

Ulikuwa wakati wa misafara. Mji umejaa wapagazi waliotua pembe za ndovu, wanatafuta pa kulala na mtu wa kugombana naye. Mtaani kwetu alikaa Bi Kidawa, kungwi aliyewafunda wasichana wote wa mtaa, mama yangu mdogo akiwemo. Mwanamke yule alikuwa na neno la kila kitu. Alikuwa na neno la mke anayechelewa kukata vitunguu kwa makusudi, na neno jingine la mume anayekohoa mlangoni ili asikiwe kwamba amerudi mapema. Ukimpelekea jambo usilojua hata kulieleza, yeye hulitaja, na likishatajwa unaona nusu ya uzito imeondoka. Watu walitoka Kaole kuja kuazima maneno kwake kama wanavyoazima kinu.

Alhamisi moja asubuhi nikasikia kilio nyumbani kwake. Bi Mwanakombo, aliyenifundisha kazi, alikuwa shambani Makurunge. Nikasema, leo ni leo, nitaosha peke yangu, tena mtu mkubwa. Nikajifunga kanga, nikachukua kata, nikaingia. Wanawake wanalia, shimo limechimbwa, Bi Kidawa amelala kitandani kimya, na hilo la kuwa kimya lingetosha kumwaminisha mtu yeyote.

Kosa langu ni hili: nilisikia kilio, nikakiamini kilio. Sikuweka unyoya wa kuku puani. Sikubonyeza kucha nione kama damu inarudi. Sikuweka mkono chini ya titi la kushoto. Nikawaambia wanawake wanne washike shuka juu yake asitiriwe, nikaanza.

Kichwa nikakiosha vizuri. Upande wa kulia nikauosha vizuri. Sasa Bi Kidawa alikuwa na mwili, Mungu ambariki, na maji ya uvuguvugu yakaisha. Nikachota ya baridi ya mtungini, nikamwaga upande wa kushoto.

"We mwana wee!" akasema maiti. "Unaosha mtu au unamwagilia mchicha?"

Shuka likaanguka. Wanawake watatu wakatoka kwa mlango na wa nne akatumbukia shimoni. Mimi sikukimbia, na msinisifu, ni miguu iliyokataa. Bi Kidawa akaketi, akajifuta uso, akaomba nguo na chakula. Chakula kilikuwepo, cha matanga yake. Akaonja wali.

"Chumvi haijakolea," akasema. "Matanga yangu mimi Kidawa, na chumvi haijakolea?"

Nje walikuwa wamefika wanawake wa Mapinga, kumi na zaidi, miguu ina vumbi mpaka magotini. Wakaambiwa, rudini, mfiwa hayupo, marehemu anakula. Kiongozi wao, mwanamke mrefu mwenye sauti kama ya baragumu, akakataa. "Tumetembea na jua hili tuje kulia," akasema. "Tutalia." Wakalia mpaka alasiri. Bi Kidawa akaketi kati yao na sahani yake, na kila waliposimulia sifa zake akawasahihisha. "Si mbuzi mmoja niliyewachinjia mwaka ule. Walikuwa wawili. Semeni wawili."

Likabaki kaburi. Lilikwisha chimbwa, na wazee wa kwetu wanasema kaburi lililofunuliwa haliachwi tupu, litaita mtu. Basi ukakatwa mgomba uzikwe badala yake. Hapo pakazuka hoja: mgomba unaoshwa au hauoshwi? Mwalimu wa msikiti akasema hajawahi kuona kitabu kinachosema mgomba uoshwe. Mzee mmoja akamjibu kwamba hajawahi kuona kitabu kinachosema usioshwe. Wakabishana mpaka jua likawachosha. Bi Kidawa alisema neno moja tu, kwamba sanda yake ya bafta isiguswe, ameinunua mwenyewe na mgomba si jamaa yake. Wakauvika kaniki kuukuu.

Na nani aliambiwa auoshe? Bi Mwanakombo alikuwa ameshafika kutoka Makurunge. Nilimpigia magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ulimpima pumzi?"

"Nilikuta watu wanalia."

"Sikukuuliza wao walifanya nini."

Nikaishika kata kwa mikono miwili.

"Kaoshe mgomba," akasema. "Huo hautakulalamikia."

Nikauosha mgomba mara tatu, kulia kisha kushoto, watoto wamekaa ukutani wanauliza kama niutie pamba masikioni. Nilipomaliza Bi Mwanakombo akanyoosha mkono, akaichukua kata yangu.

"Bi Kidawa akisema mwenyewe kwamba alikufa," akaniambia, "basi Mungu amemrudisha na wewe huna kosa. Njoo uchukue kata. Akisema hakufa, umemwosha mtu hai, ukamvua nguo mbele ya majirani. Kaanike dagaa."

Nawaambia nyinyi, ambao kazi mnaichagua kama kanga dukani: mimi nilikwisha achwa na waume wawili, na nina mtoto. Kata ile ndiyo iliyonifungulia milango. Mwosha hukaribishwa kila nyumba, hata ya liwali, na hakuna anayemwuliza mume wako yuko wapi. Bila kata nilikuwa mwanamke wa kusimama pembeni. Nilitaka neno moja tu kutoka kwa mwanamke aliyekuwa na maneno yote. Nikaona jambo dogo.

Kesho yake nikaenda. "Bi Kidawa, nakuomba. Ulikufa au hukufa?"

Akanivuta nikae. "Mwanangu, ningekuwa nalo ningekupa."

"Basi niambie palikuwaje."

"Palikuwa giza," akaanza, akatikisa kichwa. "Hapana. Giza unaliona kwamba ni giza."

"Kimya?"

"Kimya unakisikia."

"Ulilala?"

"Aliyelala akiamka anajua amelala. Mimi nimeamka sijui."

"Labda hapakuwa na kitu, bibi."

"Kama hapakuwa na kitu, mimi nilikaa juu ya nini nikikikosa?" Akageukia ukutani. "Niache. Linanijia mpaka kwenye meno, nikifungua mdomo linarudi."

Akapanda kitandani kulitafuta neno lile, akawa hashuki. Kazi ya kufunda ikasimama. Mwari mmoja alikuwa ndani tangu mwezi uliopita akingoja mafundisho ya mwisho ili aolewe, na mama yake akawa anapita nje kila siku anauliza, "Bado hajui alipokuwa?" Shimo nalo lilibaki wazi, maana Bi Kidawa alikataza lisifukiwe. "Mtachimba tena," alisema, "mwisho nyumba ianguke." Kuku akalipenda, akatagia humo, akaatamia.

Tena kulikuwa na mume. Mzee Shomari alikuwa mpole, mwenye kuogopa dhambi kuliko chui. Jioni ya siku ile mkewe aliyoamka akatoa mkeka wake akatandika barazani. Alisema kama mkewe alikufa, ndoa imekwisha, na hawezi kulala chumba kimoja na mwanamke asiye mkewe. Mvua ikaanza, hakuingia. Wapagazi wakawa wanapita wanamwuliza.

"Mzee, umefukuzwa?"

"Sikufukuzwa. Naogopa zinaa."

"Na nani?"

"Na mke wangu."

"Mke wako si ni mke wako?"

"Ndilo hilo linalochunguzwa," akajibu, akajifunika gunia.

Mwalimu wa msikiti akaja, akaketi nje ya pazia kama ilivyo adabu. "Bibi," akasema, "sheria ina milango miwili. Uhai na mauti. Niambie ulipita upi, nijue ndoa ya Mzee Shomari nimwambieje."

"Niliposimama hapakuwa na mlango," Bi Kidawa akajibu. "Wala sikusimama."

"Lazima uwe umepita mmoja."

"Lazima ni ya kwako, mwalimu. Nenda nayo polepole, ni nzito."

Akaja padre wa misheni, na daftari lake la kukusanyia maneno ya Kiswahili. Alikuwa mtu wa heshima, aliketi nje ya pazia vile vile. Akamwomba aseme lolote, ataliandika. Bi Kidawa akasema, "Andika hivi," kisha akanyamaza. Padre akangoja. Wino ukakauka kwenye kalamu, akachovya, ukakauka tena. Mwishowe akapitisha daftari chini ya pazia amwonyeshe kwamba hajaandika kitu. Bi Kidawa akautazama ukurasa. "Umekaribia," akasema. "Lakini ni nyeupe mno."

Mtu pekee aliyemfaa alikuwa Mnyamwezi mmoja, kirangozi, yaani yule anayetangulia mbele ya msafara na kuijua njia. Alikuwa anajua lugha za njia nzima mpaka kwenye maziwa. Akaketi nje ya pazia, akawa anampa maneno ya kila kabila moja moja, na Bi Kidawa anayajaribu mdomoni kama mtu anayejaribu viatu. Hili linabana. Hili pana. Hili la mtu mwingine. Yalipokwisha, kirangozi akacheka.

"Bibi, sisi tuna sheria. Mzigo ukiwa hauna pa kufunga kamba, hauendi begani. Tunauacha njiani, tunakata alama kwenye mti, wanaokuja nyuma wajue upo."

"Na hamrudi kuuchukua?"

"Kwa kamba gani?"

Siku ile Bi Kidawa alikula samaki mzima.

Mimi je? Mimi nilikuwa naanika dagaa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila siku nikitoka ufukweni nanuka, napita kwa Bi Kidawa, nauliza: ulikufa au hukufa? Alikuwa ananijibu kwa mkono tu. Watoto wa mtaa wakatunga wimbo wa mwosha wa migomba, sitauandika, mngeuimba.

Ijumaa moja Bi Mwanakombo akanikuta mlangoni mwa Bi Kidawa, yeye na kata yangu mkononi. "Nimechoka kungoja," akasema. "Leo aseme, au nimpe mwingine kata hii." Tukaingia pamoja. Nikaketi chini. Nikamtazama yule mama kitandani, amekonda, macho yamezama kwa kutafuta, nikaona haya. Watu wote tulikuwa tunamsukuma kule kule asikokuwa na neno, na mimi nikiwa wa kwanza. Mwalimu alikuwa na elimu ya sheria, padre ana elimu yake ya roho. Mimi nilikuwa na elimu ya maji.

"Bi Kidawa," nikasema, "yaache hayo. Maji yalikuwaje?"

Akageuka. Akaketi. Nilimwona akivuta pumzi kama mtu aliyefunguliwa kamba kifuani.

"Maji?" akasema. "Unathubutu kuniuliza maji? Ya kichwani yalikuwa mazuri, hayo nakusifu, ulinishika kisogo kama unavyomshika mtoto mchanga. Ya kulia yalikuwa yameanza kupoa, kama uji wa mgonjwa aliyesusa. Ya kushoto yalikuwa ya mtungini, tena mtungi mpya, yananuka udongo, na hukuniambia kwamba unamwaga! Uliponigeuza ulinikwaruza kiwiko kwenye ubao wa kitanda. Tumbo ulilikamua taratibu, hapo umefundishwa. Lakini nyuma ya sikio hukusuuza, mkunazi umegandia mpaka leo. Tazama. Njoo utazame!"

Nikatazama. Kweli ulikuwepo.

Bi Mwanakombo alikuwa amesimama bado. "Ya kichwani uliyasikia?" akauliza, sauti yake si ile niliyoizoea.

"Niliyasikia."

"Nawe ulikuwa..."

"Usinirudishe huko, Mwanakombo. Maji niliyasikia."

Bi Mwanakombo akakaa ukingoni mwa shimo, miguu ndani, kuku akapiga kelele akahama. Alikuwa ameosha tangu mimi sijazaliwa. Nikaona midomo yake inacheza, nikadhani anasoma dua. Alikuwa anataja majina ya watu.

"Mama yangu nilimwosha kwa maji ya mtungini," akasema. "Ilikuwa siku za jua kali. Niliona atapenda."

 Bi Kidawa, yule mwenye ulimi, akatafuta la kusema kwa muda.

"Labda alipenda," akasema.

Kisha wale wawili wakaanza, na hakuna aliyeweza kuwanyamazisha mpaka adhuhuri ikapita. Bi Mwanakombo anauliza kuhusu sikio, kuhusu nywele, kuhusu mkono wa kushoto kama ukunjwe kwanza au unyooshwe, na Bi Kidawa anajibu kila kitu kwa neno lake, hana anapokwama. Mambo mengi ninayowalazimisha nyinyi yalitoka siku ile. Maji yapashwe mtungi mzima, msikadirie. Mkitaka kumgeuza mtu mwambieni, "Nakugeuza, bibi." Mkimwaga semeni, "Haya maji." Nyuma ya masikio msuuze. Zainabu, uliniuliza kama wanasikia. Sijui. Aliyejua tulimwuliza, akatuambia habari za maji.

Tulipoinuka Bi Mwanakombo akakumbuka. "Lakini hajasema. Alikufa au hakufa?"

"Mimi nikienda," Bi Kidawa akasema, "nitaoshwa na Mwanaidi. Asiniguse mwingine. Haya, wewe mwenye kata, unadhani ningemkabidhi mwili wangu mtu niliyemwona ana kosa?"

Bi Mwanakombo akanipa kata. Hakusema pole. Alisema, "Wanuka dagaa wewe, kaoge kwanza."

Bi Kidawa akashuka kitandani siku ile, akaenda kummalizia mafundisho yule mwari aliyekuwa anangoja, na mwari akaolewa. Mwalimu naye, kwa kuchoka, akaamua Mzee Shomari na mkewe wafunge ndoa upya kwa tahadhari. Mahari ilikuwa yule kuku wa shimoni na vifaranga vyake. Nilikuwepo. Sijaona bwana harusi mwenye furaha kama yule. Alikuwa anamwambia kila mtu kwamba amemwoa marehemu mkewe.

Yeye neno lake hakulipata. Wakati mwingine tukiwa tunachambua mchele aliacha mkono hewani, akafungua mdomo, nikajua limemjia kwenye meno. Nilikuwa nanyamaza. Lilikuwa linarudi, naye anaendelea na mchele.

Miaka mitatu ikapita. Asubuhi moja nikaitwa tena nyumba ile ile. Nilikuta watu wanalia, sikukiamini kilio. Niliweka unyoya, haukutikisika. Nilibonyeza kucha, damu haikurudi. Niliweka mkono chini ya titi, nikauacha mpaka wanawake wakaanza kunong'ona. Nikapasha mitungi miwili. Mzee Shomari alikuwa barazani kwenye mkeka wake, pale pale.

Nikaosha kichwa. "Haya maji, Bi Kidawa." Nikaosha upande wa kulia. "Nakugeuza, bibi." Nikamwaga upande wa kushoto, ya uvuguvugu, nikangoja. Wanawake wenye shuka nao wakangoja. Hakuna aliyevuta pumzi.

"Mwanaidi!" Mzee Shomari akaita kutoka nje. "Amesema nini?"

"Hajasema, mzee."

"Maji yakoje?"

"Ya uvuguvugu."

Nikasikia mkeka ukichakacha. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeomba kitu kwa jirani: "Jaribu ya baridi."

Mimi ndiye ninayewapigeni vibao vya mkono kwa sababu ya maji ya baridi. Nilichota mtungini kata moja, nikammwagia upande wa kushoto. Sikumwambia kwamba namwaga. Tukasikiliza maji yakishuka shimoni tone kwa tone mpaka yakaisha.

Nikatoka mpaka mlangoni. Mzee akanitazama usoni.  Akaukunja mkeka wake.

Nikarudi ndani, nikauosha upande wa kushoto upya, kwa maji ya uvuguvugu.